Marehemu Anaomba Sukari

Baba Mdogo alifariki dunia Jumanne asubuhi, akiwa anakoroga chai, na mwenyewe hakuwa na habari. Aliyekuwa na habari ni Lenzi, binti wa kaka yake, ambaye saa hiyo alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka lake la miwani, bisibisi ndogo mkononi, anakaza mkono wa miwani ya mwalimu mmoja mwenye kichwa kipana. Simu ikatetemeka kando ya kisahani cha skrubu. Akachungulia. Kamusi elezo ya mtandaoni ilikuwa inamjulisha kwamba makala anayoifuatilia imebadilishwa. Pembeni ya mwaka wa kuzaliwa wa Ukuta, mlinda mlango wa zamani, mtu alikuwa ameongeza mwaka wa kufa.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Mwanangu," akasema marehemu, kikombe mkononi, "huku sukari imekwisha."

Inabidi tueleze kidogo, maana si kila mtu ana ugonjwa huu. Kamusi elezo ya mtandaoni huandikwa na watu wa kujitolea. Hakuna anayelipwa hata senti, na ndiyo maana wanagombana kuliko watu wanaolipwa. Mtu anatoka kazini kachoka, hajala, watoto wanamlilia, na badala ya kuwashughulikia anakaa chini kubishana na asiyemjua kama chura fulani ana madoa ya kahawia au ya kijivu. Huko kila mtu ana jina la kujipachika. Yeye alijiita Lenzi, na kwa kuwa habari hii ni ya huko, tutamwita hivyohivyo. Duka likiwa halina mteja, alikuwa anaandika: wadudu, madaraja, wafalme waliokwisha kufa na wasio na ndugu wa kulalamika.

Adui yake aliitwa Msumari. Kazi ya Msumari ilikuwa moja: kupita kwenye makala za wenzake na kugongelea nyuma ya sentensi kibao kidogo kisemacho "chanzo kinahitajika". Ilisemekana kwamba ukimwambia Msumari moto unaunguza, atakuuliza limeandika gazeti gani. Juu yao alikuwepo Mama Karibu, mkabidhi, yaani mwenye funguo: ndiye aliyeweza kufunga makala na kuwatoa nje wanaopigana. Jina alilipata kwa tabia yake ya kumwandikia kila mgeni "Karibu sana", hata yule mgeni aliyeingia kuandika matusi.

Sasa makala ya Ukuta. Aliiandika Lenzi peke yake, miaka mingi nyuma, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuandika: kwamba katika dakika ya mwisho ya fainali, Ukuta aliruka "kama mtu aliyesukumwa na nduguze wote" akaipangua penalti kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Msumari alishaigongelea kibao chake. Lenzi alitafuta chanzo asipate, kwa sababu chanzo chenyewe kilikuwa baba yake mzazi, na baba yake alishazikwa. Baba alikuwepo uwanjani siku ile. Alimsimulia binti yake penalti hiyo alipokuwa anaumwa surua, alipofeli hesabu, alipoachwa na mchumba. Watu wengine hurithi shamba. Lenzi alirithi penalti, na aliitunza hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Kanuni za kamusi elezo zinakataza kuandika habari za ndugu yako. Ukishindwa kujizuia, ujitangaze kwamba ni ndugu, kisha uwaombe wengine wakuandikie. Lenzi hakujitangaza. Alijiambia kwamba baba mdogo si ndugu wa karibu kiasi hicho. Uongo wa namna hiyo hakuna mtu wa lugha hii anayeweza kuusema bila kucheka, kwani baba mdogo ni baba, na huyu alikuwa analala chumba cha nyuma ya duka na kumwagia maji maua yake.

Sasa Msumari alikuwa ameleta gazeti. Tanzia nzima, safu ya michezo, ikimlilia Ukuta. Na kwa kuwa Msumari ni mtu wa haki, baada ya kuandika mwaka wa kufa alishuka chini mpaka kwenye penalti, akang'oa kibao chake mwenyewe na kuandika: "Chanzo kimepatikana. Nawashukuru."

Lenzi alisoma tanzia ile akiwa bado ameshika miwani ya mwalimu. Tuseme ukweli, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Penalti imethibitishwa. Baba alikuwa sahihi, imo gazetini. Ikampita pumzi nzima ndipo akakumbuka kwamba kwa mujibu wa gazeti hilohilo, Baba Mdogo ameaga dunia.

Halafu akasoma tena, taratibu, neno kwa neno. "Kama mtu aliyesukumwa na nduguze wote." Maneno yake. Mwandishi wa gazeti alikuwa amesikia kwamba Ukuta amefariki, na kweli alifariki, ila ni Ukuta mwingine. Hakuna timu isiyowahi kuwa na kipa aliyeitwa Ukuta. Ukidaka mipira miwili mfululizo unapewa jina, na ukifungwa wa tatu hakuna anayejisumbua kukunyang'anya. Mwandishi akaingia kamusi elezo, akamkuta Ukuta wa kwanza, akamnakili mzimamzima, akaongeza kifo. Kwa hiyo gazeti lilichota kwa Lenzi, na sasa Lenzi alikuwa anathibitishwa na gazeti. Kifo na penalti vilikuwa vimeninginia kwenye msumari mmoja. Ukiung'oa, vinaanguka vyote viwili.

Mtu mwenye akili timamu angekaa chini afikiri. Lenzi alibonyeza "tengua".

"Si kweli. Yu hai," aliandika kwenye kisanduku cha sababu.

Msumari akarudisha kifo. "Chanzo?"

"Macho."

"Macho ya nani? Yamechapishwa wapi?"

"Anakunywa chai."

"Utafiti binafsi hauruhusiwi."

Lenzi akaandika neno ambalo sisi hatutaliandika. Msumari akalifuta kwa maelezo kwamba halina chanzo. Ukuta alikufa na kufufuka, akafa na kufufuka, mpaka Mama Karibu akatokea na funguo zake, akafunga makala, akawatoa nje wote wawili hadi kesho yake, na kuwaachia ujumbe mmoja: "Wanangu, pumzikeni. Karibuni tena." Makala ikifungwa hufungwa ilivyo. Ukuta alilala amekufa.

"Miwani yangu je?" akauliza mwalimu.

Jioni Lenzi alikwenda chumba cha nyuma kumpa Baba Mdogo habari za msiba wake. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamemgeukia tangu alipostaafu. Alisikiliza tanzia yote bila kukatiza.

"Rudia pale pa 'simba wa lango'," akasema.

Lenzi akarudia.

"Wameandika vizuri. Nilipokuwa hai hawakuandika hivyo."

"Baba Mdogo, wamesema umekufa."

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Akachezesha vidole vya miguu majini. "Watu wangapi wametoa pole?"

Lenzi alitamani swali hilo lisiulizwe. Chini ya tanzia kulikuwa na maoni ya msomaji mmoja tu: "Poleni wafiwa. Jezi zake zinauzwa?" Akayasoma, kwa kuwa mzee alikuwa amekaza macho kwake na haikuwezekana kumdanganya. Baba Mdogo akacheka mpaka maji yakaruka kwenye sakafu. Kisha akampigia simu nahodha wake wa zamani, wacheke pamoja. Nahodha akamwambia kwamba matapeli wa siku hizi wamekosa haya, wanatumia hadi sauti za marehemu, akakata. Baba Mdogo akaishika simu kidogo, akaiweka juu ya godoro.

"Hata yeye," akasema. "Amekubali upesi."

Asubuhi hakutoka kunywa chai. Lenzi alimkuta amelala uso ukutani, akasema hana ugonjwa wowote, amepumzika tu, si ndivyo wafanyavyo marehemu? Utani ulikuwepo, lakini sauti haikuwa ya utani. Lenzi akarudi dukani akiwa na hasira ambayo haikujua iende kwa nani, akafungua ukurasa wa majadiliano.

Mama Karibu alikuwa amekwisha kuwawekea mkeka. Alikuwa na desturi yake ya kusuluhisha, na hakuwa anaibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Huruhusiwi kutetea hoja yako. Kwanza uandike hoja ya mwenzako, kwa maneno yako, mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hiyo ndiyo". Kama hajasema ndiyo, hujaielewa, na kama hujaielewa unapigana na kivuli. Wahariri wengi waliichukia desturi hiyo. Kuna waliojiuzulu kuliko kumwandikia adui yao sentensi moja nzuri.

Lenzi alianza. "Msumari anapenda kusumbua watu."

"Hapana," akajibu Msumari.

"Msumari anaamini makaratasi kuliko binadamu."

"Hapana."

Mteja akaingia, Lenzi akamketisha mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho moja, akawa anamsikiliza anavyobahatisha mstari wa chini. Watu wengi hubahatisha mstari wa chini. Huona aibu kusema hawaoni, kwa hiyo husema herufi wanazodhani zinafaa kuwepo, na kwa sauti ya kujiamini kabisa. Alipokwisha kumpimia akarudi kwenye simu na kuandika bila kusimama:

"Msumari anaogopa kwamba tukimruhusu mkweli mmoja aandike anachokijua bila kuonyesha kilikotoka, kesho mwongo naye ataandika anachokijua, na msomaji hatakuwa na namna ya kuwatofautisha."

"Ndiyo," akaandika Msumari. Halafu akaongeza: "Asante. Hata mke wangu hajawahi kuliweka vizuri hivyo."

Ikawa zamu yake, na Msumari hakuhitaji kujaribu mara mbili. "Lenzi anajua kwamba mtu huyu yu hai kwa sababu anamwona. Hasemi anamwonea wapi, kwa sababu akisema, itajulikana kwamba ni nduguye, na yeye ndiye aliyeandika makala yote. Sidhani kwamba Lenzi ni mwongo. Nadhani amebanwa."

Lenzi aliinua macho. Mteja alikuwa anajaribu fremu mbele ya kioo, anageuza shingo huku na huku kama kuku. Angeweza kuandika "hapana", neno jepesi tu. Baba Mdogo angebaki amekufa kwenye kamusi elezo, kitu ambacho hakimuui mtu, na penalti ingebaki imethibitishwa milele. Akiandika "ndiyo" itabidi aseme yote, hata lile la gazeti kumnakili. Msumari atashuka kwenye ile sentensi ya vidole vya mkono wa kushoto, na Baba, ambaye hakuacha shamba, atakuwa hakuacha kitu. Lenzi alimtetea Baba Mdogo mbele ya dunia nzima, lakini hapo aling'amua kwamba aliyekuwa anamtetea ni mwingine, baba yake mzazi.

Kupitia mlango wa nyuma aliuona mgongo wa mzee, bado umegeukia ukuta.

"Ndiyo," akaandika. "Ni baba yangu mdogo. Na hilo gazeti limeninakili mimi. Linganisheni wenyewe."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akaandika Mama Karibu. "Umefanya vyema, mwanangu. Karibu."

Msumari alilinganisha. Ilimchukua muda, kisha akaandika sentensi fupi kuliko kawaida yake: "Kwa hiyo nimethibitisha maneno yako kwa maneno yako, na katikati hapo nikamzika mtu." Baada ya hapo: "Mwombe radhi kwa niaba yangu. Mwambie sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na gazeti."

Alilitoa gazeti, akarudisha kibao chake kwenye penalti. Lakini bado haikutosha. Gazeti lilikuwa limesomwa, na wahariri wengine walikuwa wanakuja mmoja mmoja kumuua Ukuta upya, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kupata habari. Palihitajika chanzo kinachosema kwamba yu hai. Lenzi akafunga duka mapema, akamchukua mzee mpaka ofisi za gazeti. Mhariri wa michezo aliwapokea vizuri, akawasikiliza, akamtazama Baba Mdogo juu mpaka chini, na kusema kwamba kusahihisha anasahihisha, ila waje na cheti.

"Cheti cha nini?" akauliza Lenzi.

"Cha kuonyesha kwamba hakufa."

Ndipo maadui wale wawili walipofanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza. Mama Karibu alikuwa na mtoto wa dada yake, mtangazaji wa michezo redioni, na vipindi vya redio hiyo vilihifadhiwa mtandaoni ambako mtu yeyote angeweza kuvisikiliza. Msumari akasema hicho ni chanzo kamili. Akajitolea kuandaa maswali, na akayaandaa kwa uchungu wa mtu anayelipa deni la heshima: lini ulizaliwa, ulianza timu gani, nani alikufundisha. La mwisho lilikuwa la fainali. "Kama mwenyewe atasema redioni kwamba aliipangua," alimwandikia Lenzi, "kibao nakitoa leoleo, na hakitarudi." Lenzi alisoma ujumbe huo mara kadhaa. Alianza kumpenda Msumari, jambo lililomkera.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Baba Mdogo alikuwa amevaa koti la harusi ya kaka yake. Lenzi akasimama nyuma ya kioo.

"Mzee wetu," akaanza mtangazaji, "wasikilizaji wanauliza, je, uko hai?"

"Kwa sasa," akasema Baba Mdogo.

Basi akachangamka. Alieleza alivyoanza kudaka kwa sababu alikuwa mvivu wa kukimbia. Aliwataja makocha na ulevi wao. Alimsalimia nahodha wake kwa jina la utani ambalo tapeli asingelijua, na baadaye tuliambiwa nahodha huyo alilazimika kukaa chini. Kisha likafika swali la mwisho. Penalti ya dakika ya mwisho, ilikuwaje? Nyuma ya kioo Lenzi alikuwa ameshikana mikono mwenyewe kwa mwenyewe.

Baba Mdogo alisugua goti.

"Sikuigusa," akasema.

Mtangazaji akakodoa macho.

"Nilirukia kushoto nimefumba macho. Nikasikia 'ko'. Mwamba wa goli huo. Nilipofumbua, watu wamenilalia wananibusu. Ungekuwa wewe, ungewaambia nini?"

Kwa muda wa kumeza mate, Lenzi alimchukia. Alimchukia kabisa, waziwazi, kama mtoto aliyenyang'anywa. Miaka yote hiyo aliyobishana na Msumari, na mzee anaitupa penalti ya Baba redioni kana kwamba anamwaga maji ya beseni.

Walipofika nje, kwenye ngazi za jengo, mzee alihitaji kusimama kwa ajili ya magoti.

"Baba aliona kwa macho yake," akasema Lenzi.

"Baba yako?" Baba Mdogo akamshangaa kweli. "Mwanangu, baba yako alikuwa haoni kutoka hapa mpaka kwenye kile kioski. Miwani alikuwa anaona haya kuvaa. Alikaa jukwaa la upande wa pili, akasikia watu wanashangilia, akamalizia mwenyewe. Wewe ndiye fundi, hukuwahi kumpima?"

Lenzi hakuwahi. Alipolifungua duka, Baba alikuwa amekwisha kufa. Lakini alimkumbuka anavyosoma gazeti akiwa ameligusisha pua, na anavyosalimia watu wasio wenyewe barabarani, na jinsi wote nyumbani walivyodhani ni ucheshi wake.

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Kakangu ananisifia mbele ya mwanawe, nimkatize? Alifurahi kuliko mimi. Halafu akafa. Nani anamsahihisha marehemu?"

"Mbona leo, basi?"

Mzee alishuka ngazi moja, akapumzika. "Leo mimi mwenyewe nimeshawahi kuwa marehemu. Nimesomewa kazi ya mwamba, nikaambiwa ni yangu. Siku nikifa kikweli, nizikwe na vyangu, hata kama ni vichache."

Lenzi alilia palepale kwenye ngazi, wapita njia wakimtazama, na Baba Mdogo akamshika bega asijue amfariji kwa lipi, penalti au baba.

Chanzo hakichambuliwi kama samaki, ukala mnofu na kutupa mifupa. Kipindi kilekile kilichosema Ukuta yu hai kilisema pia hakuigusa. Lenzi ndiye aliyependekeza mwenyewe kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba sentensi yake ifutwe, na kwa kuwa ni ndugu na haruhusiwi kubonyeza, Msumari ndiye aliyebonyeza. Mwaka wa kufa ukaondoka. Penalti ikawa imegonga mwamba. "Kwa makubaliano," aliandika Msumari kwenye kisanduku cha sababu, halafu akamwachia Lenzi ujumbe wa pembeni, usiouliza kitu wala kudai chanzo: "Pole sana kwa penalti."

Mngesema yamekwisha. Wiki hiyohiyo akatokea mgeni aliyejiita Binti wa Winga. Mgeni alifuta mwamba, akaandika kwamba penalti ilipanguliwa na kipa. Msumari, ambaye mikono yake haijui likizo, akarudisha mwamba. Mgeni akafuta tena.

"Baba yangu hakugonga mwamba," aliandika. "Alipiga mpira mzuri uliolenga goli, na Ukuta akaucheza, kwa kuwa alikuwa kipa mkubwa. Baba alitusimulia hivyo mpaka anaingia kaburini. Nyinyi ni nani kumfanya awe mtu aliyekosa goli peke yake?"

Mama Karibu alikuwa ameshamkaribisha. Msumari alikuwa ameshaanza kuandika kanuni. Lenzi, aliyekuwa anasafisha lenzi za mteja kwa kitambaa, aliacha kitambaa na kumwandikia Msumari: "Huyu niachie."

Akamwandikia mgeni hoja yake, kwa maneno yake mwenyewe. "Baba yako hakushindwa na lango. Alishindwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hodari. Hilo ndilo alilowaachieni, na sisi tumelichukua."

"Ndiyo," akaandika Binti wa Winga.

"Mimi baba yangu aliniachia hilohilo, kutoka upande wa pili," akaandika Lenzi. "Ukuta ni baba yangu mdogo. Makala siwezi kuibadilisha. Lakini yeye yupo, na simu ya duka ni hii."

Simu ililia siku iliyofuata, duka likiwa na mteja mmoja anayepimwa. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, yenye kusitasita. Lenzi akamweleza Baba Mdogo harakaharaka ni nani, na kwamba winga yule hadi kufa kwake aliwaambia watoto kwamba mkono wa Ukuta ndio uliomnyima goli. Mzee akautazama mkono wake wa kushoto. Lenzi aliona vidole vinakunjuka, akajua anachotaka kufanya: anataka kumrudishia yule mama penalti yake, kwa uongo mmoja mdogo wa simu, ambao ungemfurahisha kila mtu mpaka kesho asubuhi. Lenzi hakuwa na hakika kwamba angemzuia.

"Shikamoo baba," ikasema simu.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akakaa juu ya kiti cha wateja. "Sikiliza. Mpira ule sikuugusa. Redioni nimesema hivyo, na siwezi kukwambia vingine. Lakini redioni hawakuniuliza kwa nini nilifumba macho."

Akaukunja mkono wa kushoto juu ya goti.

"Maisha yangu yote ya mpira sikuwahi kufumba macho mbele ya mpigaji. Walikuja wenye majina makubwa, nikawakodolea. Siku ile nilimwona baba yako anavyorudi nyuma, anavyokuja, mguu ule. Nikaogopa. Mimi, Ukuta, niliogopa nikafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Hakuna mwingine aliyewahi kunifanya hivyo. Ni yeye tu."

Upande wa pili mama aliomba mzee asikate, awaite nduguze, wapo hapo nyumbani wote, wasikie wenyewe. Lenzi alijua kwamba hakuna hata neno moja katika hayo litakaloingia kwenye makala, kwa kuwa simu ya dukani haijachapishwa popote, na Msumari angekuwa na haki. Akamwomba mteja aliyefunikwa jicho avumilie kidogo, kisha akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Viti vilikuwa vinaburutwa upande wa pili, watu wanaulizana ni nani huyo, na Baba Mdogo alikohoa, akaanza tena tangu mwanzo kuwasimulia jinsi alivyomwogopa baba yao.